Baridi Hutoka Chini: Machela, Mfarishi na Usalama wa Mlalaji Nyanda za Juu

Alfajiri moja ya mwezi Julai, nikiwa katika ziara ya kikazi kwenye hospitali moja ya nyanda za juu, aliletwa kijana wa miaka ishirini na mitatu akiwa amebebwa na wenzake. Walikuwa wanafunzi waliokwenda kupiga kambi msituni, na kila mmoja alikuwa ametundika machela yake baina ya miti miwili na kulala humo. Kijana huyu hakuwa mzembe. Alikuwa na blanketi zito la sufu, akajifunika gubigubi kuanzia kichwani hadi miguuni. Hata hivyo, ilipofika saa tisa za usiku alikuwa akitetemeka hadi kamba za machela zikawa zinalia. Saa kumi akanyamaza, na wenzake wakafurahi kwamba hatimaye amepata usingizi. Ni mmoja wao tu aliyeingiwa na shaka. Alimwita kwa jina, akajibiwa kwa maneno yasiyoeleweka.

Wakamwacha ndani ya machela ileile, wakapitisha mti mrefu katika kamba zake na kumbeba kwa muda wa saa mbili kuteremka hadi barabarani. Juu walimfunika mablanketi mawili. Chini ya mgongo wake hapakuwa na kitu isipokuwa kile kitambaa chembamba. Alipopokewa alipimwa kwa kipimajoto cha kioo. Zebaki haikupanda hata kidogo, na katika fomu ikaandikwa nyuzijoto 35. Tulipotumia kifaa kinachosoma chini zaidi, joto lake lilikuwa nyuzijoto 31.

Kijana alipona na kurudi masomoni. Lakini katika usiku huo mmoja yalitendeka makosa manne: alilala akiwa amefunikwa juu na kuachwa wazi chini, kimya chake kilidhaniwa kuwa ni nafuu, alibebwa kwa namna ileile iliyomdhuru, na kipimo chake kilisomwa vibaya. Makala haya yanaeleza chanzo cha kila kosa na namna ya kuliepuka. Yanamhusu anayelala kwenye machela kwa starehe, na yanamhusu pia mgonjwa anayebebwa juu yake.

Kwa nini machela ina baridi

Katika Kiswahili neno machela lina maana mbili zilizo karibu: kitanda cha kitambaa au wavu kinachoning'inia baina ya nguzo mbili, na chombo cha kubebea mgonjwa. Kitanda hiki cha kuning'inia kilitumiwa na wenyeji wa visiwa vya Karibi na Amerika ya kitropiki kabla Wazungu hawajafika huko mwishoni mwa karne ya 15. Sifa yake kubwa katika nchi za joto ni kwamba humweka mlalaji mbali na unyevu na wadudu wa ardhini, na huruhusu hewa kupita chini ya mwili na kuuburudisha.

Sifa hiyo ndiyo inayogeuka kuwa dosari mahali penye baridi. Kwa wastani, joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzijoto 6.5 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Usiku ambao mtu wa pwani ya Tanga anaona ni wa kupendeza, tuseme wenye nyuzijoto 22, huweza kuwa na nyuzijoto 9 tu kwenye misitu ya Usambara iliyo mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Upepo na ukungu huzidisha athari hiyo. Machela iliyokuwa feni isiyohitaji umeme kule pwani huendelea kufanya kazi yake ya feni usiku kucha, ingawa mlalaji hahitaji tena kupozwa.

Mwili hupotezaje joto

Joto la ndani ya mwili wa binadamu ni takriban nyuzijoto 37, na hupotea kwa njia nne. Ya kwanza ni mpitisho, yaani joto kuhama kutoka kwenye mwili kwenda kwenye kitu cha baridi kinachougusa. Ya pili ni kuchukuliwa na hewa: ngozi hupasha joto tabaka jembamba la hewa lililo karibu nayo, kisha upepo huliondoa tabaka hilo na kuleta jingine la baridi. Ya tatu ni mnururisho, ambapo mwili hutoa joto kuelekea kwenye vitu vya baridi vilivyouzunguka, hata anga tupu ya usiku usio na mawingu. Ya nne ni mvukizo wa jasho na unyevunyevu wa pumzi.

Anayelala ardhini hupoteza joto la mgongo hasa kwa mpitisho. Anayelala kwenye machela hulipoteza hasa kwa kuchukuliwa na hewa, kwa kuwa kitambaa kimoja tu ndicho kinachomtenga na upepo unaopita chini yake. Kukiwa na unyevu hali huwa mbaya zaidi, kwani maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa. Shati lililolowa jasho la kupanda mlima linaweza kumpokonya mtu joto kwa saa nyingi.

Saa zenyewe nazo zina hatari. Joto la mwili hufuata mzunguko wa siku, na hushuka kufikia kiwango chake cha chini kabisa saa chache kabla ya mapambazuko. Wakati huohuo ndipo hewa ya nje nayo huwa na baridi kali kuliko saa nyingine. Ndiyo maana wengi huamka wakitetemeka kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri, ingawa walilala vizuri tu.

Mfarishi hautoi joto

Mfarishi ni shuka la tabaka mbili lililojazwa pamba, manyoya laini ya ndege au nyuzi za viwandani, kisha likashonwa kwa mistari ili kilichomo kisihame. Wengi hudhani kwamba mfarishi mzito "una joto". Hauna. Joto lote linatoka kwa mlalaji mwenyewe, na kazi ya mfarishi ni kulizuia lisitoroke. Hata kizuizi chenyewe hasa si pamba wala manyoya. Ni hewa iliyotulia katika vijishimo vidogo vilivyomo ndani yake. Hewa isiyosogea ni kihami bora cha joto.

Hapo ndipo ilipo siri ya mgongo kupata baridi. Mtu anapolalia mfarishi, blanketi au mfuko wa kulalia, uzito wake huufinya na kuitoa hewa yote. Unene wa vidole vinne hubaki kuwa unene wa karatasi. Blanketi la kijana wetu lilikuwa jema upande wa juu, ambako lilikuwa limetuna. Sehemu aliyoilalia haikumsaidia karibu chochote.

Kwa sababu hiyo, wazoefu wa machela hutumia mifarishi miwili. Wa juu humfunika mlalaji, na hauhitaji kuwa na upande wa mgongo. Wa chini hautandikwi ndani ya machela, bali hutundikwa nje, chini yake, kwa kamba zenye mpira zinazofungwa kwenye ncha mbili za machela. Kwa kuwa hakuna anayeulalia, hubaki umetuna, na hewa iliyomo hubaki imetulia.

Mfarishi wa chini una sharti moja ambalo wengi hulikosea: uguse machela bila kubanwa. Ukikazwa mno, hufinywa na kupoteza unene. Ukilegezwa mno, hutokea uwazi baina yake na machela, na hewa ya baridi huingia humo. Kila mlalaji anapojigeuza, uwazi huo husukuma nje hewa ya joto na kuvuta ya baridi, mithili ya mivukuto ya mhunzi. Kipimo ni rahisi. Mlalaji akishalala, mwenzake apitishe mkono baina ya mfarishi na machela, chini ya kiuno na chini ya mabega. Mkono upite kwa kusuguana kidogo na pande zote mbili. Ukipita bila kugusa kitu, kamba zikazwe, ukikwama, zilegezwe.

Asiye na mfarishi wa chini hajakosa njia. Mkeka wa sponji ngumu isiyofyonza maji, ukiwekwa ndani ya machela, husaidia sana kwa sababu haufinyiki kirahisi. Mabaharia wa zamani waliolala kwenye machela melini nao walitandika godoro jembamba ndani yake. Kasoro ya mkeka ni wembamba: pande za machela hukumbatia mabega na nyonga, na sehemu hizo hubaki nje ya mkeka. Zizibwe kwa nguo kavu zilizokunjwa. Kwa dharura hata maboksi makavu yaliyokunjuliwa hufaa, kwani nayo yana hewa iliyonaswa kati ya karatasi zake.

Kuziba mianya ya upepo

Mfarishi mzuri wenye mwanya mmoja ni kama ndoo nzima yenye tundu. Sehemu zinazovuja mara nyingi ni tatu: shingoni, kandokando ya mwili na miguuni. Ukingo wa juu wa mfarishi uvutwe hadi kidevuni na kukazwa kwa kamba yake bila kubana koo. Kingo za kando zichomekwe baina ya mwili na pande za machela. Upande wa miguu ufungwe uwe kama mfuko. Ncha mbili za mfarishi wa chini nazo zivutwe zigusane na machela, la sivyo upepo utaingia upande mmoja na kutokea wa pili.

Kichwa kivishwe kofia ya kufuma, lakini mdomo na pua visifunikwe kwa mfarishi. Pumzi ina mvuke mwingi, na mvuke huo hulowesha kilichomo ndani ya mfarishi. Manyoya ya ndege yakilowa hushikamana na kupoteza unene wake. Pamba nayo hunywa maji na kuchelewa kukauka. Nyuzi za viwandani huvumilia unyevu vizuri zaidi. Katika misitu yetu yenye ukungu, tofauti hii si ndogo.

Turubai litundikwe chini kiasi, hasa upande unakotoka upepo. Mahali pa kulala pachaguliwe mapema, kukiwa bado na mwanga. Kilele na mgongo wa mlima hupigwa na upepo. Bonde nalo lina hatari yake, kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito na usiku huteremka na kutuama humo. Mteremko wenye miti, ulio juu kidogo ya bonde, ndio unaofaa.

Kabla ya kulala

Kwa kuwa mfarishi huhifadhi tu joto unaloingia nalo, usiingie ukiwa tayari unatetemeka. Tembea au chuchumaa na kuinuka mara kadhaa hadi upate joto, ila usifike kiwango cha kutoka jasho. Badili nguo zote zilizolowa, hata soksi. Kula chakula cha kutosha, kwani kutetemeka na kuupasha mwili joto hutumia nishati nyingi. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa, ikiwekwa baina ya mapaja au miguuni, husaidia kwa saa kadhaa. Ukihisi haja ndogo, inuka uende. Kuizuia hakuongezi joto bali huharibu usingizi.

Pombe isitumiwe kama dawa ya baridi. Hutanua mishipa ya damu ya ngozi, na mnywaji huhisi joto kwa sababu damu ya moto imepelekwa juu ya ngozi, mahali inapopozwa. Pia hupunguza kutetemeka, huweza kushusha sukari ya damu na huondoa busara ya kujiokoa. Dawa za usingizi nazo humzuia mtu kuamka anapostahili kuamka.

Onyo kubwa kuliko yote linahusu jiko la mkaa. Lisiingizwe kamwe ndani ya hema, wala chini ya turubai lililofungwa pande zote, wala ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, nayo humuua mlalaji kabla hajatambua kitu.

Wapo wanaohitaji tahadhari zaidi: watoto, wazee, wenye utapiamlo, wenye kisukari wanaotumia insulini, na wenye upungufu wa homoni ya tezi ya thairoidi. Mwenye selimundu anapaswa kujua kwamba baridi huweza kuanzisha maumivu makali, na mwenye pumu kwamba hewa ya baridi huweza kumbana kifua. Hao wazungumze na daktari wao kabla ya safari.

Dalili za hatari

Haipothemia ni hali ya joto la ndani ya mwili kushuka chini ya nyuzijoto 35. Kati ya 35 na 32 mgonjwa hutetemeka sana, vidole huwa vizito, na huanza kujikwaa, kudondosha vitu, kutafuna maneno na kununa bila sababu. Kati ya 32 na 28 kutetemeka hupungua na kukoma, fahamu hupungua, mapigo ya moyo huwa ya polepole. Chini ya 28 mgonjwa huweza kupoteza fahamu kabisa, na moyo huwa katika hatari ya kusimama. Baadhi ya wagonjwa waliozidiwa huhisi joto la uongo na kuanza kuvua nguo; huo si ulevi wala wazimu.

Ashikilie msomaji jambo hili: mtu aliyekuwa akitetemeka, kisha akanyamaza bila kupashwa joto, hajapata nafuu. Mwili wake umeishiwa uwezo wa kujitetea. Mwamshe, mwulize jina lake na mahali alipo. Akijibu ovyo, hiyo ni dharura.

Huduma ya kwanza

1. Mwondoe kwenye upepo na mvua, na mlaze sawasawa. Asitembezwe ikiwa fahamu zake zimepungua.

2. Weka kihami chini yake kwanza, ndipo umfunike juu. Mkeka, matawi makavu, mabegi matupu au nguo, chochote kilicho kikavu kitafaa.

3. Mvue nguo zilizolowa kwa upole, ikibidi kwa kuzikata, na mvike kavu. Mfunike na kichwa pia.

4. Weka chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa kwapani, kifuani na mgongoni. Zisiguse ngozi moja kwa moja, kwani ngozi iliyokufa ganzi huungua bila mgonjwa kujua.

5. Akiwa na fahamu kamili na anameza vizuri, mpe kinywaji vuguvugu chenye sukari. Asiyejitambua asipewe kitu mdomoni.

6. Usimsugue mikono wala miguu, usimtikise, usimpe pombe. Moyo uliopoa huweza kupoteza mpangilio wa mapigo kwa msukosuko mdogo.

7. Tafuta msaada na mpeleke kituo cha afya.

Kwa wahudumu wa afya

Kipimajoto cha kawaida cha kioo huanza kusoma kwenye nyuzijoto 35 au 34. Zebaki isipopanda, maana yake si kwamba joto ni 35. Maana yake ni kwamba halijulikani, nalo huenda liko chini sana. Andikeni hivyo, na tafuteni kifaa kinachosoma viwango vya chini. Pimeni sukari ya damu kwa kila mgonjwa aliyepoa na kuchanganyikiwa. Mapigo ya moyo yatafutwe kwa muda wa hadi dakika nzima, kwa kuwa yanaweza kuwa ya polepole na hafifu mno. Mgonjwa aliyepoa sana asitangazwe kuwa amefariki kwa haraka, isipokuwa ana majeraha ambayo hayawezi kuendana na uhai. Wapo walioonekana kama maiti, wakapashwa joto na kurejea.

Kanuni ya machela ya kambini ndiyo kanuni ya machela ya hospitali. Majeruhi wa ajali aliyelazwa kwenye chuma au turubai tupu, akafunikwa blanketi moja juu, hupoteza joto kupitia mgongoni kama kijana wetu alivyolipoteza msituni. Kwa majeruhi hasara hiyo ni kubwa zaidi, maana damu iliyopoa haigandi ipasavyo, na mgonjwa anayevuja damu huzidi kuvuja. Kabla ya kumbeba, tandikeni blanketi lililokunjwa au godoro la sponji chini yake, ondoeni nguo zilizolowa damu au maji, na zibeni mianya ya upepo. Mama aliyejifungua njiani na mtoto wake nao wanastahili vivyo hivyo. Kwa mtoto, kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, ndicho kipasha joto cha kwanza.

Wenzake wa kijana yule hawakukosa upendo wala juhudi. Walimvulia mablanketi yao wenyewe, wakambeba gizani wakiwa wao ndio wanaopigwa na baridi. Kama moja tu kati ya mablanketi yale mawili lingekunjwa na kulazwa chini ya mgongo wake, angefika akiwa na hali bora. Anayejiandaa kulala kwenye machela, na anayejiandaa kumbeba mgonjwa juu yake, ajiulize kwanza: je, chini kuna nini?